Mchungwa wa Arobaini

Nyarugusu, Jumatano jioni

Mwanangu Kabula,

Barua za zamani zilianza kwa kuuliza hali, halafu mwandishi anasema yeye ni mzima wa afya, wasiwasi wake ni kwako uliye mbali. Wewe hujawa mbali bado. Umetoka hapa kwenda kuaga wenzako, na hali yako naijua: mchana umekula ugali wa watu wawili ukasema huna hamu ya kula. Kwa hiyo salamu tuziruke.

Naandika kwenye kurasa za nyuma za daftari lako la kitalu, utanisamehe. Kalamu ni ya mama yako, ile ya kuandikia wateja wa genge, amenipa kwa masharti kama ananikopesha ng'ombe. Mwandiko wangu unaujua. Niliishia darasa la tano, lakini usisahau kwamba huyu wa darasa la tano amefika Kampala, amefika Lubumbashi, anaweza kuomba maji kwa lugha saba na kutukana kwa tisa, na ameshuka chini ya ardhi mahali ambapo wenye digrii wanachungulia kwa juu tu, mkono mmoja umeshika kofia.

Mambo ya begi, neti, dawa za malaria na vijana wa stendi mama yako ameyasema tangu Jumapili, na mengine ameyasema mara mbili. Wala sikufundishi kupanda. Umekaa kitaluni kule Ibadakuli mwaka na nusu, unabebesha chungwa juu ya shina la limao mpaka mti wenyewe unasahau ulizaliwa nani. Mimi nikikufundisha michungwa nitakuwa kama kuku anayemfundisha bata kuogelea. Nina neno jingine.

Jana, wakati unafunga mikasi yako na zile nailoni za kubebeshea, ulimwambia mama yako hivi: "Huyo mzee Masanja na ng'ombe wake nawasubiri. Nazungushia seng'enge. Kwato moja ikiingia kwangu nampeleka mbele ya kijiji, kama baba alivyomfanya."

Mama yako alininyanyulia macho, akayashusha, akaendelea kuchambua maharage. Mimi nikapiga kofi nikacheka, "Hiyo ndiyo damu yangu!" Halafu nikatoka nje nikajifanya natengeneza mnyororo wa baiskeli. Ile baiskeli haina mnyororo tangu mwaka juzi.

Kabula, kesho unakwenda Tinde na miche sitini na chuki moja. Miche ni yako, umeibebesha kwa mikono yako. Chuki nimekufungia mimi, na ndani yake mna uongo. Na shamba alilokuachia bibi yako halina maji ya karibu isipokuwa kisima cha Masanja. Ukiingia pale na maneno ya jana, miche yako haimalizi kiangazi cha kwanza, na kosa halitakuwa lako. Kwa hiyo nakueleza yote yaliyotokea, hata yale niliyokuwa nayaruka kila nikisimulia, halafu utaamua mwenyewe utaingia kwa mzee yule na uso gani.

Ulikuwa na miaka saba. Mwaka ule mimi nilikuwa nimepata. Duara letu, shimo letu la machimboni, lilikuwa limetema dhahabu, si ya kununua ndege, lakini ya kunifanya niingie Tinde na shati jekundu na redio yenye spika mbili. Nikasema sasa napumzika na mambo ya mashimo, nakuwa mkulima wa matunda, bwana shamba, watu watanifuata kwa malori. Akapita mtu na gari limejaa miche ya michungwa. Nikanunua arobaini kwa mpigo. Sikuuliza imebebeshwa lini, imetoka kitalu gani, mizizi yake ikoje. Mtu mwenye hela siku hizo haulizi, ananyoosha kidole tu.

Bibi yako alikuwa amekaa mlangoni anamenya viazi vya kukausha. Akasema, "Shija, anza na mitano."

Nikamwambia, "Mama, mimi ni mtu wa mitano?"

Akanitazama kuanzia viatu mpaka kwenye shati. "Basi anza na arobaini," akasema, "tutabaki na mitano." Alikosea hesabu kidogo, kama utakavyoona.

Bwana shamba wa kata alisema shimo la futi mbili linatosha. Futi mbili, Kabula! Mimi niliyeshuka mpaka tukaanza kusikia joto la ardhi migongoni, nichimbe shimo la kuzikia kuku? Nikatoa mtalimbo wangu wa machimboni. Nikachimba shimo la kufika kifuani, limenyooka kuta zote, kona zake unaweza kupimia kwa rula. Nikachimba arobaini. Watu walikuwa wanatoka vijiji vya jirani kuja kuangalia. Nilidhani wananisifu.

Siku moja akapita Masanja na ng'ombe wake. Yeye ndiye jirani yetu wa upande wa chini, mtu mrefu mkavu, maneno yake machache kama mvua za Oktoba. Akaegemea fimbo.

"Shija, makaburi yote haya ya nani?"

"Ya umaskini, mzee wangu! Nauzika wote, mpaka watoto wake!"

Watu wakacheka. Yeye hakucheka. "Chini hapo kuna mfinyanzi. Maji yakiingia yatakaa."

"Mzee Masanja, wewe unajua ng'ombe. Mashimo niachie mimi."

Wakacheka tena. Nakuomba ukumbuke kicheko hiki, kwa sababu ndicho kilichonipoteza. Mimi nikishasikia watu wanacheka, masikio yangu mengine yanaziba.

Mvua zikaja. Miche yangu ilikuwa imesimama chini ya mashimo yale kama wachimbaji walioshushwa kwa kamba wakasahauliwa. Maji yakaingia yakakaa, kama alivyosema. Kumi na mmoja ikaoza mizizi kabla ya Krismasi. Ndipo nikainua iliyobaki nikafukia mashimo, tena kwa ule udongo mweupe wa chini, kwa sababu udongo wa juu ulishachukuliwa na maji. Halafu nikaingiwa na wasiwasi: hii mingine je, imeshika? Machimboni ukiwa na wasiwasi na mwamba unachukua sampuli. Na mimi nikachukua sampuli. Nikang'oa mche nikatazama mizizi, nikauona mzima kabisa, nikaurudisha, ukafa. Nikang'oa wa pili kuona kwa nini wa kwanza umekufa. Wa tatu niliung'oa kwa hasira tu.

Ikabaki ishirini na sita. Michache ikaanza kupanda kwa kasi ya ajabu, nikaita watu waje waone fundi. Kumbe yale yalikuwa machipukizi ya limao yaliyotoka chini ya kiungo, yanalinyonya chungwa, na mimi nayapigia makofi. Haya unayajua, na najua hapa unacheka. Cheka sasa hivi, mbele huko si kwa kucheka.

Mila ya kule unaijua? Ulikuwa mdogo. Mazao yakishatoka shambani, mwezi wa sita hivi, mashamba yanakuwa ya ng'ombe wa wote. Wanapita kula mabua, kwako, kwangu, kwa yule, hakuna anayeuliza. Mwenye kitu anachotaka kibaki, anakizungushia miiba yeye mwenyewe, na anapita nyumba kwa nyumba kuwaambia wenye mifugo. Hiyo ni kazi ya mwenye mti, si ya mwenye ng'ombe. Masanja alinifuata mwenyewe. "Shija, kata miiba. Mkokoteni ninao, nikusaidie."

Nikamjibu, "Miti yangu haijifichi, mzee."

Mwezi wa saba nikapigiwa simu kutoka huku machimboni. "Pametema! Njoo na mtalimbo tu, usipite hata dukani!" Kiangazi kimeanza, miche inataka maji kila jioni, na mimi nikamwambia mama yako: wiki moja.

Mama yako alimwagilia peke yake karibu mwezi mzima. Alichota kisima cha Masanja, ndoo kichwani, na wewe nyuma yake na kidumu chako cha lita tatu. Huenda unakumbuka. Halafu ukaugua. Homa ikakushika vibaya, akakubeba mpaka hospitali mjini, akakaa na wewe kitandani wiki tatu. Nilipigiwa simu. Nilikuwa chini, nilipopandishwa nikaambiwa mwanao amelazwa. Nikasema nitaondoka kesho, leo mwamba unaonyesha dalili. Kesho yake ulionyesha dalili tena.

Hii ndiyo sehemu niliyokuwa naizunguka tangu nianze kuandika. Kila nikisimulia habari za michungwa naanzia kwenye ng'ombe, nisije nikafika hapa. Sikuja, Kabula. Mwamba wenyewe ulikuwa mtupu.

Nilirudi mwezi wa kumi. Shati jekundu limekuwa la rangi ya udongo, redio nimeiuza. Nikaenda moja kwa moja shambani. Vijiti vimelala, vingine vimekatika, na juu yake kwato za ng'ombe kila mahali. Nikainama nikavunja kimoja. Ta! Ndani kikavu kama njiti ya kiberiti. Nikavunja cha pili, ta! Mche uliokanyagwa ukiwa mbichi unanyumbuka, unachubuka, unaacha utomvu. Mimi naweza kutofautisha jiwe lenye dhahabu na lisilo nayo kwa kulilamba, nitashindwa kujua mti uliokufa kwa kiu? Ile miti ilikauka muda mrefu kabla kwato hazijafika. Mmoja tu, wa pembeni, upande wa kisimani, ulikuwa na majani mawili.

Mama yako alikuwa amesimama nyuma yangu. "Ilikufa mwezi wa nane," akasema.

"Hizi kwato huzioni?"

"Naziona. Ilikufa mwezi wa nane."

Aliyasema mara mbili hizo tu, na hajayarudia mpaka leo. Afadhali angenipigia kelele.

Mtu mwingine angekaa chini akaona aibu yake. Mimi nilikuwa nimeahidi kijiji kizima malori, na nimerudi bila dhahabu, bila miti, mtoto amenusurika bila mimi kuwepo. Nilihitaji mtu wa kumbebesha. Kwato zilikuwa pale zinaningoja. Nikaenda kwa wazee wa kijiji nikamshitaki Masanja kwamba amepitisha mifugo makusudi, kwa wivu, kunimaliza.

Wakakaa. Watu wakajaa. Masanja alipoulizwa akajibu sentensi moja: "Miti ilikuwa imekufa." Nikaona wazee wanatikisa vichwa, wanaanza kuelewa. Ndipo nikasimama nikafanya kile ninachokijua kuliko kuchimba. Nikaigiza. Nikawa dume la Masanja: nimeweka vidole kichwani, nanyemelea shamba usiku, nachungulia huku na huku kama mwizi, nanusa mche, nauliza, "Huu ni wa Shija? Basi wenyewe ndio huu!" halafu naukanyaga kwa madaha, nageuza makalio, naukanyaga tena. Watu walianguka chini. Mzee mmoja kibaraghashia kilimtoka. Masanja alisema mara ya pili miti ilikuwa imekufa, nani angemsikia? Hata mimi sikumsikia.

Walimtenga. Mpaka mavuno mengine. Wewe umekulia machimboni ambako watu wanakuja na kuondoka, hujui kutengwa ni nini. Hakuna anayekuomba moto wala kukupa moto. Hakuna anayekuja kukusaidia kupalilia. Ukipita unaamkia, watu wanatazama pembeni. Ukiumwa, wa kukuangalia ni ng'ombe wako. Na mimi kwa kujikweza nikaongeza la kwangu, nikaapa mbele ya mkutano kwamba nyumba yangu haitakunywa tena maji ya kisima chake. Bibi yako akawa anakwenda kuchota kisima cha mbali, kwa ajili ya kiapo changu, na miguu yake ile.

Wiki mbili baadaye nikawahamishia huku. Miaka yote nimekwambia tulihama kwa sababu ya ng'ombe wa Masanja. Tulihama kwa sababu njia ya kutoka kwetu inapita mbele ya nyumba yake.

Mwaka juzi kwenye msiba wa bibi yako nilimwona kwa mbali, anawaletea wapishi maji. Nilijificha nyuma ya turubai saa nzima, nikawaambia watu nasimamia nyama. Mimi, niliyezunguka nchi tatu.

Sasa leo. Baada ya maneno yako ya jana nililala vibaya, na mchana huu ulipotoka nikamwambia mama yako, "Sijui ningepata wapi namba ya yule mzee."

Akajifuta mikono, akatoa simu yake, akabonyeza. "Ipo," akasema. "Imekuwepo." Ameiandika *Jirani Tinde*.

Nikapiga nimesimama. Nasikia ng'ombe kwanza, halafu sauti.

"Haloo."

"Shikamoo mzee Masanja."

"Marahaba. Nani mwenzangu?"

"Ni Shija. Baba Kabula. Wa kwa marehemu bibi Kwandu."

Nikafikiri salio limekwisha. Halafu akasema taratibu, "Shija. Ng'ombe wangu wamekukanyagia nini tena huko Nyarugusu?"

Kabula, nilikuwa nimeandaa maneno. Yote yakanitoka. Nikasema, "Mzee, miti ilikuwa imekufa."

"Najua."

"Nilikuwa najua na mimi."

"Hilo nalo nalijua. Mimi nilikuwepo ng'ombe walipoingia, nikawa nawafukuza. Kila wakikanyaga nasikia ta, ta, ta. Mche mbichi haulii hivyo."

"Mbona hukuwaambia wazee hivyo?"

"Niliwaambia mara mbili. Wewe ulikuwa na pembe kichwani."

Mama yako alikuwa karibu anasikia yote, akageuka akaanza kukoroga sufuria ambayo haikuwa na kitu. Nikamwomba msamaha mzee yule. Sikuomba kwa ufundi, nilikuwa nakwama kama gari kwenye tope la mbuga. Akaniachia nimalize. Halafu nikajaribu kujiokoa kidogo, unanijua, nikasema angalau mmoja uliponea kwa bahati, tumekula machungwa yake miaka mingi, bibi alikuwa anatutumia gunia kila msimu.

"Bahati ina mikono?" akasema.

"Vipi mzee?"

"Kiangazi kilichofuata, ule mti ungemaliza mwezi? Marehemu mama yako hakuweza kubeba ndoo mpaka kule. Nilimwagilia mimi. Niliuzungushia na miiba."

Nikamuuliza kwa nini. Mti wa mtu aliyemtenganisha na watu! Mimi ningeukata nikachomee mahindi.

Akakohoa. "Mwaka ule, Shija, nilikuwa sina wa kuongea naye. Mke wangu alichoka akaenda kwao kwa muda. Jioni nikinywesha ng'ombe, namaliza, giza bado. Nikawa nachukua ndoo napita pale. Mti haukunitenga."

Kumbe yale machungwa niliyokuwa nagawa hapa genge zima, "Kuleni, mkono wa Shija huu, nilisema mimi ni fundi!", yalikuwa ni ya mtu huyu na ndoo yake. Umeyala tangu una miaka kumi na moja. Sasa unajua umekula ya nani.

Pale kwenye simu nikamwambia habari zako: unakuja kesho, una miche sitini, umesomea, nikamwomba asikufungie maji kwa ajili yangu.

"Kisima sikukifunga mimi," akasema. "Wewe ndiye uliyeapa. Mimi nilikuwa nimekaa kimya. Aje achote. Lakini, anachimba kama babake?"

"Hapana mzee, huyu ana akili za mama yake."

"Basi ataishi." Nikasikia kama anacheka, au anakohoa tena. Halafu akasema, "Lakini wewe nina neno na wewe. Jumamosi kuna mkutano wa kijiji. Wazee wale wengi wamekufa, wamebaki watatu, na hao watoto waliokuwa wanacheka siku ile sasa ndio wenye nyumba. Njoo usimame palepale. Uigize tena. Ulikuwa hodari, sikatai. Safari hii mwigize yule aliyekwenda wiki moja."

Mama yako aliacha kukoroga.

"Upo?" mzee akauliza.

"Nipo."

"Basi." Akakata.

Nimekuwa nikiandika tangu hapo. Nilitaka kwanza nikupe barua hii kwa majivuno yangu, nikusimulie nilivyompigia mzee simu, unisifu, halafu Jumamosi niwe na mgonjwa wa kumuuguza. Nimeshaanza hata kumchagua mgonjwa mwenyewe. Mama yako amepita nyuma yangu akasoma mstari huu, akasema, "Utakwenda." Si swali. Na kweli nitakwenda. Nimeshamwambia mwenzangu wa duara asinihesabu Ijumaa wala Jumamosi, na mwezi wa sita mpaka mvua zirudi asinihesabu kabisa. Amesema nimerogwa. Nimemwambia kiangazi nitakuwa na kazi ya ndoo. Ile miezi niliyokimbia, ndiyo hiyo hiyo naitaka. Ukitengeneza zamu za kumwagilia, jioni ziweke za kwangu.

Sasa ya kwako, machache, na hayatoki kitabuni.

Yale mashimo yangu mengine bado yanatitia, utayaona kwa jinsi majani yanavyokuwa ya kijani ndani yake wakati pengine pakavu. Usipande humo hata ukiona uvivu kuchimba mapya. Miiba kata kabla ya kuulizwa, halafu pita nyumba kwa nyumba uwaambie wenye ng'ombe, hata wale wasiokupenda, hasa hao. Seng'enge yako weka ukitaka, lakini seng'enge haijawahi kuamkia mtu asubuhi. Mche ukikufa, sema umekufa. Simama hapo hapo, sema kwa sauti, umekufa kwa sababu hii na hii, hata kama aliye karibu ni mbuzi tu. Mimi ningesema siku ile, ningepoteza miche. Sikusema, nikapoteza Tinde nzima, na wewe ukakulia kwenye vumbi la karasha za kusaga mawe.

Na usiogope mwaka wa kwanza kuonekana hufanyi kitu. Hilo ndilo lililonishinda kuliko mengine yote. Dhahabu ukiipata unaipata leo, watu wanakuja kukutazama leo leo. Mti unakaa pale umenyamaza, na wewe inabidi ukae umenyamaza nao. Maua yakitoka mapema wewe mwenyewe umesema utayatoa, ili mti upate nguvu kwanza. Mimi ningeyatoa? Ningeyaita maua yale kwa majina, ningeyapiga picha nikaisambaza mpaka Lubumbashi. Ndiyo maana shamba ni lako.

Kwenye begi lako, pamoja na mikasi, nimekuwekea kijiti. Usikitupe ukidhani ni kuni. Nimekikata kwa msumeno wa duarani na kukipima mara tatu: ni futi mbili kamili. Kila shimo utakalochimba, kisimamishe ndani. Kikizama kichwa, umeshakuwa mimi, rudisha udongo.

Na gunia la chini, la matobolwa, vile viazi vya kukausha, si lenu la kula njiani. Mama yako ameyakausha mwenyewe, ni ya kwa Masanja. Ukishuka Tinde, kabla hujafungua mzigo, kabla hujakwenda hata kuliona kaburi la bibi, nenda kwake kwanza. Piga hodi, piga goti, mwamkie vizuri. Mpe gunia, mwambie linatoka kwa mama. Halafu muombe akuonyeshe mchungwa ule, akuonyeshe yeye, ingawa unajua ulipo.

Salamu zangu usimpe. Hizo naleta mwenyewe Jumamosi.

Baba yako,
Shija